Nanaa ya chini ya AC: kisa cha uwa wa khalati, Tudor, Mombasa

Khalati alinipigia simu katikati ya mwezi wa 1 mwaka 2025, kaskazi imekaza, jua la saa nne asubuhi tayari lachoma kama la saa saba, na neno lake la kwanza halikuwa hata salamu, alisema tu "dania yangu yafa." Mimi si mtaalamu wa kilimo jamani, sina cheti, ni vile tu nyumbani nina ndoo na magunia ya mboga tangu zamani na kwenye ukoo wetu mtu akiona jani limejikunja ananitafuta mimi. Ramadhani ilikuwa yaja mwanzo wa mwezi wa 3, na kwa khalati yule Ramadhani bila dania ya chatini na nanaa ya kutia kwa chai baada ya tarawehe ni kama haijaingia. Nkamwambia ntapita Ijumaa baada ya swala.

Uwa wake ni saruji tupu, ukuta pande tatu, na kisima kwenye kona kilichochimbwa na baba mkwe wake kabla sisi hatujazaliwa. Udongo wa kupandia hakuna, chini ni jiwe la matumbawe, ukipiga sururu yarudi. Kwa hivyo kila kitu kiko kwenye vyombo: ndoo za mafuta ya kupikia za lita 20, mabeseni yaliyopasuka, magunia, na mtungi mmoja wa udongo wa kizamani. Nilihesabu 22. Ndani ni udongo mwekundu wa lori na samadi ya mbuzi, mchanganyiko mzuri tu, sina neno nao. Kuna dania, nanaa, rehani, pilipili mbuzi, nyanya, spinachi, mchicha, kunde, na kule mwisho mronge ulionipita urefu.

Sasa hali yenyewe. Dania ilikuwa imetoka vidole viwili juu ya udongo ikagoma hapo hapo. Majani ya chini, yale makongwe, yameungua ukingoni, kahawia kavu kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, katikati bado kijani. Nanaa vilevile, ncha nyeusi. Maharagwe aliyojaribu mwezi wa 12 hayakutoka kabisa. Pilipili zaangusha maua kila asubuhi. Na juu ya udongo wa kila ndoo kuna ukoko mweupe, kama mtu aliyemwaga unga kidogo akasahau kufagia. Huo ukoko nliuona siku ya kwanza kabisa, nkaupita, nkajua ni ukungu tu. Nalitaja kosa langu mapema manake lilitupotezea wiki mbili nzima.

Kabla yangu walishapita madaktari wawili. Wa kwanza ni jirani aliyesema hilo ni jicho, kuna mtu aliisifu bustani bila kusema mashallah. Khalati akasoma, akapuliza, mimi hayo siingilii. Wa pili ni duka moja la agrovet, silitaji jina, alipeleka jani limefungwa kwa gazeti akaambiwa mmea una njaa, akauziwa mbolea ya DAP, kijiko cha chai kila shina kila wiki. Hali ikazidi kuwa mbaya, akarudi, akaambiwa basi aongeze na mbolea ya CAN. Yule kijana wa dukani hakuuliza hata mara moja mmea wanyweshwa nini. Simlaumu sana manake mimi mwenyewe sikuuliza.

Nlichofanya mimi ni kulilaumu jua. Na haikuwa upuuzi, dania ni mtoto wa baridi, joto likizidi hukimbilia maua kabla hujavuna hata kishada, na Mombasa miezi ya 2 na 3 ndo joto lenyewe. Nkaenda nkanunua neti ya kivuli, tukaitundika na kijana wake kutoka ukutani mpaka kwa nguzo ya kamba ya kuanikia. Siku nne za kwanza mambo mazuri, majani yamesimama, khalati anisifu kwa dada zake. Wiki ya pili tukarudi pale pale, ukingo umeungua, na sasa hata rehani, ambayo huku pwani humea hata ukiitupa, imeanza kukunja majani.

Kilichonifungua macho ni kitu cha kipuzi kabisa. Nimekaa kibarazani kwa nyuma nakunywa maji nikaona pale chini ya ukuta, kwenye ufa wa saruji, kuna nanaa. Imetambaa imejaa kama sahani ya biriani, majani mapana, kijani cha kung'aa, hakuna hata ncha moja nyeusi. Nkamuuliza khalati, hii ulipanda lini? Akacheka, "hiyo sikupanda, ni kijiti kilianguka nikichuma, kikashika chenyewe." Hakuna mbolea, hakuna samadi, hakuna hata udongo wa maana, mchanga kidogo uliojikusanya kwenye ufa, na jua la mchana laipiga bila neti. Yaani dhana yangu yote ya jua imekufa hapo.

Nkatizama juu. Bomba la AC. Kijana wake hufanya kazi zamu ya usiku bandarini, mchana amelala na AC yawaka kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na lile bomba ladondosha tone tone tone pale pale kwenye ufa.

Maji ya AC ni unyevu wa hewa uliopoa ukageuka maji, hayajapita ardhini, hayana chumvi ya kutajika. Kwa hewa yetu ya Mombasa iliyojaa maji, chombo kimoja kikifanya kazi mchana kutwa hukupa zaidi ya nusu mtungi wa lita 20, nlikuja kuyakinga nikaona. Kwa hivyo hapa kuna nanaa mbili, mama mmoja, uwa mmoja, jua moja, kilichotofautiana hasa ni maji. Na zile za ndoo zanywa wapi? Kisimani. Maji ya mfereji kwao huja siku mbili kwa wiki yakijaliwa, hujazwa tangi la kupikia na kuogea, hakuna atakayekubali kuyamwaga kwenye ndoo za dania. Maji ya mkokoteni ni ya kununua. Kisima ni bure.

Nkachota, nkaonja. Chumvi. Si ya kukufanya uteme, lakini ipo. Khalati akasema "kwani wewe hujui maji ya kisima? Kidogo tu hiyo, hata vyombo twakoshea." Nkamuuliza sabuni yashika? Akanyamaza. Kila mtu aliyelelewa kisiwani anajua sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima, unapaka unapaka yakatika tu, na birika likichemshiwa maji hayo hufanya magamba. Twajua yote hayo kwa nguo na kwa birika, kwa mmea hatuulizi.

Lakini nlishakosea mara moja, sikutaka kukosea mara ya pili. Tukachukua vibakuli viwili, udongo mpya ambao haujawahi kumwagiwa kitu, tukaponda mbegu za dania kwa mkono (ile punje ni ganda lenye mbegu mbili ndani, ukiipasua zatoka vizuri zaidi), punje 20 huku na 20 huku, vyote chini ya neti. Kimoja maji ya AC, kimoja ya kisima. Siku ya 9 cha AC kilikuwa na miche 26, cha kisima 7, na hiyo 7 ilikuwa mifupi imeinama kama inaomba radhi. Jaribio hilo halikutugharimu hata shilingi na lilimnyamazisha kila mtu nyumbani pamoja na mimi.

Kipimo nacho tukakipata. Maduka haya ya kujaza maji ya kunywa huwa na kile kijikalamu cha kuonyesha ppm, yaani miligramu za chumvi na madini mengine kwa kila lita. Kijana wa duka la jirani akaniazima jioni moja. AC ilisoma 14. Mfereji 410. Kisima 2,400. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana mpaka wao wa maji ya kumwagilia: chini ya 450 hakuna wasiwasi, 450 mpaka 2,000 angalia unapanda nini, juu ya 2,000 ni hatari. Basi khalati alikuwa amevuka mstari wa mwisho.

Hesabu ilonishtua zaidi ni hii. Ndoo moja yapata kama lita moja na nusu kwa siku. Kwa 2,400 hiyo ni gramu 3.6 za chumvi kila siku, kwa mwezi gramu 108, karibu vijiko 18 vya chai kwenye ndoo moja. Maji yakipaa kwa jua chumvi haipai nayo, yabaki. Na zile ndoo hazikuwa na matundu! Khalati alikataa kutobolewa manake maji mekundu yachafua sakafu yake. Kwa hivyo hakuna kilichokuwa chatoka, kila siku kijiko juu ya kijiko, na ule ukoko mweupe nliouita ukungu ndo chumvi yenyewe imepanda juu. Afu juu ya hapo DAP na CAN, ambazo nazo zikiyeyuka ni chumvi tu kwa upande wa mzizi. Mmea una kiu katikati ya maji, wataka kuvuta, chumvi ya nje yayashika yale maji isiyaachie, majani makongwe ndo yameshakusanya nyingi kwa hivyo yaungua mwanzo. Nkamwambia khalati, umekuwa wafanya ng'onda ya dania, kama samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Hapo alielewa vizuri kuliko ppm zote.

Akabaki na swali moja na ni swali zuri: mbona miaka yote maji ni haya haya na dania ilikuwa ikimea?

Hapo nliuliza na mimi, kisima mlikuwa mkichota vipi? Kwa ndoo na kamba. Na pampu imekuja lini? Mwaka uliopita, mfereji ulipoanza kukauka siku nyingi. Kumbe. Kisiwa hichi hakina mto, maji yetu ya mfereji yatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Maji baridi ya chini ya kisiwa ni ya mvua iliyozama kwenye matumbawe, nayo huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ya bahari ni mazito zaidi. Hesabu ya vitabuni ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 chini yake. Ukivuta kwa kamba ndoo kumi kwa siku yale ya juu yatulia na kurudi. Ukiwasha pampu saa nzima unayashusha ya juu na ya chumvi yapanda kuja kujaza nafasi, na kaskazi hakuna mvua ya kurudishia. Nlimrudia yule kijana kumuazima kijikalamu tena, nkapima alfajiri kabla pampu haijaguswa: 1,650. Jioni baada ya kuoshwa nguo za nyumba nzima: 2,450. Kisima kile kile, siku ile ile.

Basi dawa. La kwanza lilikuwa ugomvi wa matundu. Nlitumia msumari uliopashwa moto, matundu manane kila ndoo, na kila ndoo ikainuliwa juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapite yaende kwenye mtaro wa uwa. Khalati alisimama nyuma yangu na fagio muda wote kama askari.

La pili kusafisha udongo. Ukitaka kutoa chumvi huna dawa ya kunyunyiza, ni maji mazuri yapite ndani yatokee chini. Kanuni ni kwamba kina cha maji kikiwa nusu ya kina cha udongo hutoa kama nusu ya chumvi, kina kikilingana hutoa kama asilimia 80. Ndoo ya upana wa sentimita 28 yenye udongo wa sentimita 30, hiyo ni lita 9 kwa nusu na lita 18 kwa asilimia 80. Mara vyombo 22 ni karibu lita 400. Maji ya AC hayatoshi hata kwa mwezi, na lita 400 za mfereji siku ya mfereji, jaribu wewe kumuomba khalati wangu. Tukakubaliana ndoo 6 tu, za dania na nanaa, tuzisafishe kwa maji ya AC ya wiki nzima na mitungi mitatu ya mkokoteni aliyoilipia kijana wake kwa kununa. Zilizobaki zingoje masika. Mbolea zote marufuku.

La tatu, na hili ndo naona lilikuwa la maana kuliko yote, ni kuipanga bustani upya kwa maji badala ya kwa jua. Manake ushahidi ulikuwepo pale tangu mwanzo: kunde hazikuwa na shida. Mronge hauna habari. Spinachi yapeta. Kunde huvumilia chumvi karibu mara tano ya maharagwe, ndo maana maharagwe yake hayakutoka na kunde jirani yake yatambaa. Na spinachi hii tunayokula Kenya si spinachi ya wazungu, ni ndugu wa bitiruti, ukoo ambao mzee wao wa porini humea fukweni kabisa, chumvi kwake ni nyumbani. Kwa hivyo kunde, spinachi, mchicha na mronge zikaachiwa kisima, lakini maji ya alfajiri tu, na kwa wingi mpaka yatokee chini, si kudondoshea dondoshea. Nyanya zikapata mchanganyiko nusu kwa nusu. Dania, nanaa, pilipili na miche yote midogo, AC peke yake. Vitunguu na karoti nkamwambia asahau, hizo zalia mapema sana.

Maji ya AC yana adabu yake pia. Si ya kunywa. Yamwagwe kwenye udongo si juu ya jani, manake yapita kwenye trei na bomba lenye utelezi, na dania huliwa mbichi. Na siku fundi akija kuosha AC kwa dawa, yale maji ya siku hiyo yamwagwe.

Matokeo? Dania mpya ilipandwa wiki ya mwisho ya mwezi wa 2 chini ya neti (neti ikabaki, jua si kosa lake lakini si mtakatifu). Kishada cha kwanza kilichumwa mwisho mwisho wa Ramadhani, kidogo, cha chatini ya siku mbili tatu, khalati akakionyesha kwenye simu kwa ukoo mzima kana kwamba amevuna ya kujaza soko la Kongowea. Nanaa ilichukua wiki tatu tu. Pilipili ziliacha kuangusha maua. Nyanya mbili kati ya nne zilikufa, zile zilizokuwa zimekula DAP nyingi zaidi, na sidhani kuna ambacho kingeziokoa. Mndimu wake mdogo bado una majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, hilo ni la chokaa ya matumbawe kuubania mti madini ya chuma, ni kisa chengine kabisa na yeye bado anataka kuniambia ni chumvi manake sasa kila kitu ni chumvi.

Mwezi wa 4 mvua zilipoanza tukatia gata upande mmoja wa bati la jikoni, kama mita mraba 40. Mvua ya milimita 10 juu ya hapo ni lita 400, zile zile tulizozikosa, kwa lisaa limoja. Maji ya dakika za mwanzo tunayaacha yaende manake kunguru wa Mombasa mnawajua na mabati yetu. Masika ilizisafisha ndoo 16 zilizobaki bila sisi kuinua mkono, mwezi wa 5 ukoko ulikuwa umeisha kabisa, na kisima alfajiri kilisoma 1,100.

Pampu bado ipo, hakuna atakayerudi kwenye kamba, lakini nguo sasa hufuliwa siku ya mfereji. Shida mpya ni kwamba Kusi imeingia, kumepoa, na kijana wake amerudi zamu ya mchana, kwa hivyo AC hana haja nayo. Juzi nimepita nkamkuta amesimama mlangoni na bili ya stima mkononi anamuuliza mamake mbona AC yawaka chumba kitupu, na khalati amekaa zake ananyambua nanaa hata hakuinua kichwa: "Iwache hiyo, yateka maji."